Malazi ya Wasafiri Chini ya Milima ya Uluguru

Katika tarikhi za safari za bara, zile zilizoandikwa na Wazungu na kadhalika zile zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, habari za mchana zimejaa tele ilhali habari za usiku ni haba: tunaambiwa mto uliovukwa, hongo iliyolipwa, mpagazi aliyetupa mzigo akatoroka, kisha jua linakuchwa na kalamu inawekwa chini, kama kwamba wale watu mia mbili au mia tatu waliotembea kutwa hawakuwa na haja ya kuweka ubavu chini mahali fulani. Lakini usiku ni sehemu ya safari, tena sehemu iliyowaua wengi. Na aliyelala vibaya Jumatatu ndiye aliyebaki nyuma Jumanne, akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi au akafa chini ya mti. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa habari za Morogoro na majirani zake, ni kwamba adui mkubwa wa usingizi wa mgeni katika njia ile hakuwa simba wala mwivi, bali alikuwa msafiri aliyemtangulia kulala mahali pale pale.

Morogoro ilipata kuwa manzili ya misafara kwa sababu ya umbile la nchi. Atokaye pwani kwa miguu huvuka Mto Ruvu, ambao watu wa pwani waliuita Kingani, kisha hupanda polepole katika nyika hata aone mbele yake Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,600, na hapo njia haina budi kugawanyika. Tawi moja lilizunguka kusini kwa kupitia Ukutu na kituo cha Zungomero. La pili lilifuata upande wa kaskazini kwa kupitia Mikese, likashuka Mto Ngerengere, likaukabili upana wa mbuga za Makata ambazo wakati wa masika hugeuka ziwa la tope. Kwa hiyo kila aliyekuwa akienda Unyamwezi au akirudi kutoka huko na pembe za ndovu alilazimika kutua upande mmoja au mwingine wa mlima ule, ama kungoja maji yapungue, ama kununua chakula, ama kuuguza wagonjwa.

Tawi la kusini ndilo walilolifuata wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke mwaka 1857, nao walikaa Zungomero tangu mwisho wa Julai hata juma la kwanza la Agosti. Burton, ambaye kalamu yake haikumhurumia mtu wala mahali, ameieleza nyumba waliyopewa huko kwa ukali wake wa kawaida: paa halikuzuia mvua, kuta hazikuzuia upepo, na chini palikuwa matope matupu. Mtu akisoma maneno hayo peke yake atadhani kwamba Wakutu hawakujua kujenga nyumba. Lakini Burton mwenyewe anatueleza jinsi misafara ilivyowaelemea watu wale, wenye bunduki wakiingia vijijini na kulala katika nyumba za watu bila ya malipo wala idhini. Ni nani angejitia katika taabu ya kuezeka upya nyumba ambayo hajui kama usiku wa leo atalala ndani yake yeye au atalala mtu asiyemjua? Nyumba mbovu ya Zungomero ilikuwa kazi ya wageni kabla haijawa adha kwa wageni.

Mahali ambapo hapakuwa na kijiji, au kijiji kilikuwa na nguvu za kuwazuia watu mlangoni, msafara ulilala kambini. Msafara wenye taratibu uliondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali mno, kwani mpagazi aliyebeba frasila mbili begani hawezi kuongeza hapo bila ya kudhurika, na saa zilizobaki zilikuwa za kutafuta maji, kuni, chakula na malazi. Penye kambi ya zamani wenye miguu myepesi walitimua mbio kuwania vibanda vilivyokuwa vimesimama bado; pasipokuwa na kambi walikata matawi, wakayachomeka ardhini kwa mviringo, wakayakutanisha juu na kuyafunika kwa majani, kisha wakauzungushia uga wote boma la miiba lenye mlango mmoja, nao ukazibwa magharibi kwa tawi kubwa la mgunga. Mizigo ilirundikwa katikati karibu na hema la mkuu wa msafara, walinzi wakakaa zamu, na watu wa chungu kimoja wakalala pamoja, miguu yao ikielekea moto. Kibanda cha namna hiyo hakikuwa na anasa yoyote, wala hakikumzuilia mtu mvua kubwa. Lakini kilikuwa na fadhila ambayo kibanda cha zamani, hata kikiwa kizuri vipi, hakikuwa nayo, nayo ni kwamba hakuna aliyekilalia kabla. Wale waliotimua mbio kuwania vya zamani walidhani wamepata, kumbe wamepatikana.

Upande wa kaskazini mambo yalibadilika alipokuja Kisabengo, mtu wa Uzigua, akajenga chini ya mlima mji wenye kuta za mawe na minara katika pembe zake, na baada yake ukashikwa na binti yake aitwaye Simbamwene, ambaye jina lake lilikuwa pia jina la mji. Wasafiri waliustaajabia mji ule, kwa kuwa tangu watoke pwani walikuwa hawajaona ukuta wa mawe. Na Henry Morton Stanley, aliyepita hapo mwezi wa Aprili 1871 katika safari yake ya kumtafuta Livingstone, alikisia wakazi wake kwa maelfu. Lakini ukuta ule ulikuwa kwa usingizi wa wenyeji. Wageni walitua nje, kando ya Ngerengere, katika uwanja ambao misafara isiyo na idadi ilikuwa imetua kabla yao.

Stanley alikuwa mtu aliyejiandaa. Alikuwa na hema, alikuwa na kitanda cha safari, alikuwa na watu wa kumtandikia. Hata hivyo malalamiko yake juu ya kambi ya Simbamwene ni miongoni mwa habari chache za usiku tulizoachiwa, nayo yafaa kutazamwa kwa karibu. Mvua za masika zilikuwa zikinyesha, na wadudu wadogo wenye koleo mkiani waliingia hemani kwa maelfu, wakapanda nguzo, wakajificha katika mikunjo ya turubai, wakatambaa kitandani mwake hata akakosa raha. Na nyuma yao wakaja mchwa, wakaanza kula mikeka, nguo na masanduku, hata akaingiwa na hofu kwamba hema lenyewe litaliwa naye amelala ndani yake. Anasema kwamba katika kambi zote za nyuma tangu pwani taabu yao ilikuwa siafu na sisimizi, na hapo ndipo mchwa walipoanza kumtia wasiwasi. Fauka ya hayo homa ikamshika, ile ambayo Waswahili huiita mkunguru, impatayo mtu aliyehamia nchi asiyoizoea. Alikaa hapo siku chache tu, kisha akakimbilia mbele, Makata, ambako tope lilimngoja. Alipopita tena mwaka uliofuata, 1872, akirudi pwani na barua za Livingstone, alikuta mafuriko ya Ngerengere yamebomoa ukuta wa mbele wa mji na kuchukua nyumba zipatazo hamsini. Basi safari hii hata mwenyeji hakulala.

Mchwa hula nguo, na mdudu mwenye koleo huudhi tu. Aliyekuwa akiua ni mwingine, naye Stanley hakumwona, kwa sababu kazi yake huifanya gizani. Papasi ni wa jamii ya kupe, ngozi yake ni kavu yenye makunyanzi, rangi yake ni ya udongo, na urefu wake hukaribia sentimeta moja. Hagandi mwilini mwa mtu siku nyingi kama afanyavyo kupe wa ng'ombe: mchana hujizika katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta, na usiku, mtu akiisha kupitiwa na usingizi, hutoka, akanyonya damu hata akajaa, kisha akarudi zake vumbini kabla ya alfajiri, na aliyenyonywa aghalabu haamki wala hajui. Akikosa mtu hungoja. Anaweza kukaa miaka pasipo chakula, kwa hiyo kambi iliyoachwa tangu kiangazi cha mwaka jana, ambayo msafiri huiona tupu na kuishukuru bahati yake, haikuwa tupu hata kidogo. Akisafiri, husafiri ndani ya mikeka na matandiko na mizigo ya wapagazi, akashuka wanaposhuka. Juma moja hivi baada ya usiku ule, mtu akiwa mbali na kambi na ameshaisahau, hushikwa na homa kali, kichwa kikamgonga, viungo vikamwuma, akatapika. Homa humwacha baada ya siku chache hata akasema amepona, kisha humrudia, pengine mara ya tatu na ya nne.

Mwaka 1905 alifika Dar es Salaam tabibu Mjerumani Robert Koch, ambaye sifa yake ilikuwa imeenea tangu alipovumbua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, naye akaifuata njia ya misafara kwa kupitia Morogoro hata Iringa, akichimbua vumbi la mabanda ya wasafiri na kukusanya papasi. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kumfikiria mtu ambaye mwisho wa mwaka ule ule alipewa Tuzo ya Nobeli, amepiga magoti katika banda la wapagazi akichekecha udongo. Alikuta vijidudu vya homa hata ndani ya mayai ya papasi, maana yake ni kwamba papasi huzaliwa na maradhi ya mama yake, wala hana haja ya kumpata mgonjwa kwanza ndipo adhuru. Banda likiisha kuingiwa, limeingiwa. Akaona pia kwamba watu wazima wa vijiji vyenye papasi hawakuugua kama wageni, madhali walikuwa wamekwisha kuugua utotoni na damu zao zimezoea. Mwenyeji na mgeni waliweza kulala mkeka mmoja, mwenyeji akaamka kwenda shamba, mgeni akaanza kuhesabu siku. Mwezi wa Februari wa mwaka huo, huko Kasongo katika Kongo ya mashariki, tabibu Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiitafuta siri hiyo hiyo pamoja na mwenzake John Todd, alikufa kwa homa yenyewe.

Ushauri wa Koch haukuhitaji dawa wala fedha: msafiri asilale ndani ya mabanda ya njiani wala karibu yake, apige hema mahali ambapo watu hawakulala. Ushauri mwema kwa mwenye hema. Mpagazi, ambaye ndiye aliyelibeba hema hilo, alibaki bandani.

Lakini isidhaniwe kwamba wasafiri wote walilala juu ya hisani ya vumbi. Kati ya Wanyamwezi na makabila ya njia ile, Waluguru, Wakutu, Wazaramo, Wakwere na wengineo, kulikuwako utani, na wengi wa wale wanaoutafutia asili yake huuona katika enzi za misafara. Mtani aliweza kuingia nyumba ya mtani wake akaomba chakula kwa matusi, akachukua kilicho chake na kisicho chake, na hakuna aliyekasirika. Zaidi ya hayo, akifa ugenini, watani ndio waliosimamia maziko yake. Naamini kwamba sharti hili la mwisho lilimpa msafiri usingizi kuliko mkeka wowote. Mtu aliye safari ya miezi mitatu kutoka kwao, na ameona njiani mifupa ya waliotupwa, hufumba macho kwa namna nyingine kabisa akijua yuko mtu wa kumzika.

Huko juu mlimani habari ni nyingine. Misafara haikupanda Uluguru. Mabonde yake ni membamba, miteremko yake haimpi nafasi mtu mwenye pembe ya ndovu begani, na watu wengi walikuwa wameukwea mlima huo makusudi ili wawe mbali na njia. Mgeni aliyepanda huko alikuwa mgeni wa mtu fulani. Waluguru hufuata ukoo wa mama, nao mgeni huulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa haja yake, kwani katika vijiji vya mbali pia huenda wakapatikana watu wa ukoo wake, na hapo hukoma kuwa mgeni kwa sehemu kubwa, akapewa pa kulala na kesho kutwa akapewa jembe, kama methali ya siku mbili isemavyo. Na jembe katika miteremko ile si mzaha.

Taabu ya usiku wa mlimani ni baridi. Mtu wa pwani aliyezoea kulala barazani na upepo wa bahari, akipanda upande wa Mgeta mwezi wa Juni au Julai, hukesha akitetemeka, akisikiliza jinsi wenzake wanavyokoroma. Nimelala katika nyumba ya kizamani ya upande huo, ambayo moto huwaka usiku kucha kati ya mafiga, na nikajifunza kwamba mahali pa kulala ndani yake huchaguliwa kwa moshi: moshi hutanda juu, chini ya nyasi za paa zilizokuwa nyeusi kwa masizi, hata aliyesimama hutokwa na machozi na aliyekaa kitako hukohoa, ilhali aliyelala chini kabisa hupumua vizuri na mbu hawamfikii. Mwenyeji wangu alinyosha mkono katika usingizi wake, akasukuma gogo ndani kidogo, akalala tena, jambo alilolifanya kila moto ulipopungua na ambalo mgeni hawezi kulifanya bila ya kuamka kabisa. Basi moshi humwambia mtu alale chini, papasi humwambia alale juu ya kitanda. Na watu wa milima na watu wa njiani walichagua kila mmoja kwa adui yake.

Reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikiwa imekwenda kilometa 200 na kidogo, na ilipofika Kigoma mwaka 1914 misafara mikubwa ilikuwa imekwisha kuwa hikaya. Mwendo uliokuwa wa juma zima na zaidi ukawa wa siku moja, na kambi za kati zikamezwa na msitu pamoja na papasi wake. Ikawako hoteli karibu na stesheni, ile ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Savoy, na ndani ya hoteli za namna hiyo mgeni wa Kizungu alipata yale yote ambayo misafara ilikuwa imefundisha kwa gharama ya roho za watu: kitanda kilichoinuka juu ya sakafu, sakafu ngumu isiyo na vumbi la kujifichia mdudu, na chandarua, kwani tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipogundua huko Bara Hindi kwamba mbu ndiye mbebaji wa malaria, chandarua kilikuwa kimeacha kuwa pambo. Hoteli hizo hazikuwa za kila mtu. Mwafrika aliyeshuka treni usiku alilala juu ya mzigo wake stesheni, au alitafuta jamaa mjini akibisha hodi nyumba kwa nyumba.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilirudisha kila kitu nyuma. Majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro mwezi wa Agosti 1916, kisha yakawafuata Wajerumani kwa kuuzunguka na kuukata mlima kuelekea Kisaki, na wapagazi wa vita, ambao katika kampeni nzima walikufa kwa makumi ya maelfu, walilala juu ya udongo uliolowa bila hema, bila kibanda, bila boma. Haijapata kuwako njia mbaya ya kulala kuliko hiyo katika nchi yetu.

Baada ya vita wasafiri wengi zaidi katika reli ile walikuwa manamba, vijana waliochukuliwa toka mbali kuja kukata mkonge katika mashamba ya Morogoro na Kilosa. Tangu mwaka 1944 waliandikwa na kusafirishwa na shirika la wenye mashamba lililoitwa SILABU, nao wakalazwa njiani katika kambi zilizojengwa kwa ajili yao, safu kwa safu. Zilikuwa bora kuliko mabanda ya zamani, sikatai. Lakini aliyelala humo alilala mahali pa mwenziwe aliyeondoka jana, juu ya ubao ule ule, na hakuna aliyemwuliza ukoo wake. Sijui kama imepata kusemwa kwamba kijana wa watu aliyetoka kijijini kwao mara ya kwanza alijifunza huko kulala kati ya watu asiowajua majina, na kwamba hilo lilikuwa somo gumu kuliko kukata mkonge.

Siku hizi mji umejaa gesti, hasa kuelekea Msamvu penye stendi kuu ya mabasi, ambako makonda huita usiku na mchana na mgeni hulala akiitiwa Dodoma, Iringa na Mbeya masikioni mwake. Tena biashara yenyewe imeanza kubadilika: treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024 hufika kwa muda usiozidi saa mbili, na mtu aliyekuwa akilala njiani sasa hupita akitazama milima dirishani. Wanaobaki kulala ni wale wenye shughuli na Morogoro yenyewe, kama mchuuzi anayengoja kabichi za Nyandira zishuke alfajiri, mzazi aliyemleta mwanawe Chuo Kikuu cha Sokoine, au jamaa wa mgonjwa. Watu hawa wakifunguliwa chumba hawatazami kwanza dirisha wala bafu. Huweka mzigo mlangoni, hufunua shuka, huinua pembe ya godoro na kupitisha kidole katika mshono wake wakitafuta kunguni, na wakiona hata doa moja la damu ya mtu mwingine hurudi mapokezi na ufunguo mkononi kuomba chumba kingine.